Kisigino cha Kinyozi

Ndugu zangu, asanteni kwa kiti mlichonisogezea, lakini kwanza niacheni nisimame. Wengi wenu mlinijua wakati siwezi kusimama muda wa kumnyoa mtoto mmoja. Nitawaeleza mambo kama yalivyofuatana, na majina ya watu sitayataja.

Mimi ni kinyozi. Kazi hii nimeifanya hapa mtaa wa Landless, Thika, tangu ujana, kwenye kibanda cha mabati kando ya duka la unga. Kwa kinyozi kuna kiti kimoja kizuri, chenye mahali pa kuegemeza kichwa, na hicho si cha mwenye kazi. Chake ni sakafu. Yangu ilikuwa ya simiti, na nilisimama juu yake tangu watu wa viwandani wakienda kazini hadi wakirudi.

Maumivu yalianzia kisigino cha kulia. Ilikuwa kama kukanyaga msumari, ila msumari wenyewe uko ndani unatoka nje. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Usiku mguu unapumzika, unadhani umepona. Ukishuka kitandani, hatua ya kwanza inakutoa machozi. Ukisukumasukuma kidogo unalegea, unaweza kwenda kazini, halafu jioni maumivu yanarudi. Nilikwenda hospitali. Nikaambiwa nibadilishe viatu, nikapewa vidonge, siku nyingine nikadungwa sindano. Nilipata nafuu ya muda, kisha nikarudi palepale.

Sasa sikilizeni jambo lililoniangusha. Katika ploti yetu ya kupanga vyumba vinatazamana, bomba liko katikati na choo kiko mwisho. Kila asubuhi nilipita mbele ya watu wote wakiteka maji, nimeshika ukuta, nikipepesuka. Jirani mmoja akaniuliza, "Kinyozi, unapima ukuta ama unaushikilia usianguke?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kesho yake mwingine akasema, "Aai, huyu leo ameanza mapema."

Ndugu zangu, nawaambia, wakati huo nilikuwa sijaonja pombe. Nilipokana, walicheka zaidi. Ni mlevi gani hukubali?

Kulikuwa na mteja wangu wa kila Jumamosi, mtu aliyetoka magharibi mwa nchi kuja kufanya kazi kiwandani. Alipenda kunyolewa kidevu kwa wembe. Jumamosi moja aliegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, akaanza mizaha yake: "Fundi, maliza zote. Mama watoto amesema nikifuga ndevu nitalala sebuleni, na mimi sina sebule." Nilikuwa nimemwinamia, wembe uko chini ya sikio. Nikahamishia uzito mguu wa kulia. Kisigino kikachoma, goti likakunjika, na mkono ukashuka pamoja nami.

Damu ilitapakaa kwenye shuka jeupe. Aliruka akatoka nje mbio, shuka likiwa bado limefungwa shingoni. Barabara nzima ilimwona. Kabla ya saa za chakula habari ilikuwa imeshafika kila mahali: kinyozi amelewa, nusura achinje mtu.

Baada ya hapo hakuna aliyenipa shingo yake. Akina mama walikuwa wakipita mlangoni wamewashika watoto mkono, wanaangalia mbele. Hapo ndipo nilipopata kukaa kwenye kile kiti kizuri. Nilikikalia siku nzima, nikijitazama kwenye kioo. Mwishowe mwenye kibanda akampangishia kinyozi mwingine.

Nikajiambia, jina nimeshapewa, kwa nini nisilitumie? Nikanunua chupa ndogo ya ile kali. Nyinyi wenzangu mnajua kilichofuata. Usiku ule kisigino kilinyamaza kwa mara ya kwanza. Ningekuwa mwongo nikisema haikunisaidia. Ilinisaidia, na ndiyo sababu niliirudia.

Mke wangu alikuwa akinitetea kwa majirani siku zote hizo. Siku aliyonusa mdomo wangu hakupiga kelele. Alisimama na ndoo mkononi akasema, "Nimegombana na ploti hii yote kwa sababu yako." Akamchukua binti yetu, wakaenda kwa mama yake kule Murera.

Baada ya hapo ni miezi nisiyoweza kuisimulia vizuri, kwa sababu siikumbuki vizuri. Nakumbuka chumba kikinuka. Nakumbuka nikiamka mlangoni, jua limenipiga usoni, na watu wakiniruka kwenda kuteka maji.

Kisha siku moja nikasikia, "Hodi, fundi."

"Fundi gani?" nikamjibu.

Alikuwa yule niliyemkata. Kovu lilikuwa linashuka kutoka sikioni hadi kwenye taya. Nilidhani amekuja kunipiga. Aliketi juu ya ndoo akanitazama.

"Nimekuja kukuuliza kitu," akasema. "Siku ile nilikuwa chini ya pumzi yako. Ulikuwa unanuka chai ya tangawizi. Niliwaambia watu huyu mtu hakuwa amelewa, wakaniambia namtetea rafiki yangu. Leo ndiyo unanuka pombe. Sasa niambie, siku ile uliangushwa na nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa sijaulizwa swali hilo na mtu yeyote.

"Ni kisigino."

"Kisigino?"

"Haki ya Mungu, ni kisigino."

"Wewe! Shingo yangu ilikaribia kwenda kwa sababu ya kisigino?" Alicheka. Akaniambia mke wake aliwahi kutembea hivyo hivyo kila asubuhi, kama kuku aliyeungua mguu, na akatibiwa kwenye kliniki moja ya mazoezi ya viungo huko Ruiru. Kuna mashine inayopiga kisigino kwa mawimbi ya mshtuko. "Inauma," akasema, "lakini sasa anatembea."

Wiki iliyofuata alinipeleka. Na kwa kuwa alishaniambia inauma, mimi nilijiandaa. Kabla hajanipitia nilimaliza chupa.

Daktari alikuwa msichana, umri wa kuwa binti yangu. Alinilaza, akabonyeza kisigino kwa kidole gumba.

"Hapa?"

"Sijui."

"Na hapa?"

"Kote ni sawa tu."

Akavua glavu, akaketi. "Mzee, hii mashine haina macho. Macho yake ni wewe. Nikibonyeza, wewe ndiye wa kuniambia ni hapa. Leo umeuzima mguu wote, nikipiga nitakuwa napiga bure."

"Basi piga hivyo hivyo."

"Sipigi. Rudi ukiwa unaumwa."

Nilitoka pale nikimtukana hadi Thika. Lakini maneno yake yalikataa kuniachia. Rudi ukiwa unaumwa. Wengine hapa waliacha pombe kwa kuokoka, wengine kwa ajili ya watoto wao. Mimi niliacha kwa sababu nilihitaji maumivu yangu yarudi. Na yalirudi yote, pamoja na yale ya kumkosa mke na mtoto, ambayo nilikuwa nimeyazima kwa chupa ile ile. Ndipo nikaja kwenye kikundi hiki nikitetemeka, mkanipa chai.

Nilirudi Ruiru nikiwa mkavu, bila tone la pombe. Alipobonyeza upande wa ndani wa kisigino nilipiga yowe.

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo! Ngai!"

"Asante, mzee. Sasa tunaelewana."

Akapaka mafuta mazito, akaweka kichwa cha mashine pale pale. Ililia kama mashine ya kunyolea iliyomeza jiwe, tra-tra-tra, na kila pigo lilifika mfupani. Alinieleza kwamba mapigo yale yanaamsha jeraha la zamani lililokwama, ili mwili uanze kulitengeneza upya. Hakuniahidi kitu. Alisema wengine hupona, wengine hawaponi, na mashine peke yake haitoshi. Akanifundisha kunyoosha mguu kila asubuhi kabla ya kuukanyagia. Navuta vidole kwa taulo yangu ya kazi.

Baada ya mara ya kwanza nilizidi kuumwa. Usiku huo nilivaa viatu niende kutafuta chupa. Mmoja wenu alikuja akakaa nami hadi kukapambazuka. Anajijua. Ndugu, Mungu akubariki.

Nilienda kila wiki, na mabadiliko yalikuja polepole mno kuyaona. Kisha asubuhi moja nilikuwa nimefika kwenye bomba ndipo nikagundua mikono yangu iko mfukoni. Yule jirani akanitazama. "Kinyozi, leo ukuta umemwachia nani?"

Sasa nina kiti cha pili katika duka la kinyozi mwingine kule Ruiru, na nasimama juu ya mkeka wa mpira. Siku za baridi kisigino hunikumbusha. Mke wangu bado yuko Murera. Nilipomwambia nimepona alisema amesikia, basi. Simlaumu.

Nawashukuru nyinyi, namshukuru yule msichana aliyekataa kunitibu, na namshukuru mtu mmoja mwenye kovu aliyeketi hapo nyuma, ameinamisha kichwa kwa sababu anajua nitamfikia. Na niwaombe jambo moja. Ukimwona mtu anapepesuka asubuhi, kabla hujamcheka, muulize anaumwa wapi. Na ukiulizwa wewe, sema.

Jumamosi iliyopita mtu huyo alikuja Ruiru. Akapita kiti cha kwanza, akaketi kwangu, akaegemeza kichwa. Nikamuuliza, "Mashine?"

"Wembe."

Nikachukua wembe. Nilipomwinamia, alivuta pumzi kwa sauti, duka zima likasikia.

"Tangawizi," akasema, akafumba macho.