Dalali Anayekula Kila Mwezi

Benchi letu liko Kom el-Dikka, Aleksandria, nje ya mkahawa wa Sitti Inshirah, mahali ambapo jua hufika kabla ya wateja wanaolipa. Wenyewe tuko watatu. Funguo ni dalali wa nyumba. Nyuzi ni mwalimu wa kupiga udi, ala ya nyuzi, mstaafu wa redio, na mpwa wake kamtengenezea programu ya masomo ya kwenye simu. Wa tatu ni mimi, mtu niliyepigwa bei ya mgeni katika nchi kumi na moja, kwetu kukiwemo. Siku hiyo Nyuzi alitakiwa ampe mpwa wake jibu kabla ya alasiri: apandishe ada, au aifunge programu.

— Mwanafunzi analipa pauni mia kwa mwezi, alisema Nyuzi. Hilo duka la programu lililo ndani ya simu linachukua thelathini. Na hata kukaza uzi halijui.

— Mimi nami kujenga sijui, akasema Funguo. Ila nikikuletea mpangaji, sili?

— Wewe unakula mara moja, Haji. Kodi ya mwezi, tunaachana. Wale wanakula kila mwezi.

Funguo akatoa kijitabu chake cha wateja, akakipekua taratibu, macho yakamlainika.

— Kila mwezi? Na mpangaji halalamiki?

— Haoni. Alibonyeza siku ya kwanza, basi.

— Subhanallah. Miaka thelathini na nne nimekuwa mjinga.

Nikawaambia mimi mpaka leo nalipia programu ya mazoezi ya tumbo niliyojiunga nayo nilipokuwa Marsei.

— Tumbo lenyewe lina habari? akauliza Nyuzi.

Sitti Inshirah akaleta kahawa. Kila kikombe kilikuwa kimepungua.

— Sitti, kahawa iliyobaki iko wapi? akauliza Nyuzi.

— Hiyo ni ada ya benchi. Wanafunzi wako wa kwanza uliwapatia wapi? Na nani aliwanyamazisha wacheza dadu ulipokuwa unarekodi?

— Kwa hesabu hiyo, akasema Funguo, shangazi aliyenitafutia mke angechukua theluthi ya mke.

— Mkeo angemlipa akuchukue wewe mzima, akajibu Sitti.

Nikamuuliza Nyuzi kwa nini asiwaambie wanafunzi wamlipe mkononi.

— Nilisema hivyo katika somo la pili, wenye duka wakalikataa. Nikaiimba namba yangu kwa mahadhi ya Hijazi, nikidhani hawatang'amua. Wakalikataa tena.

— Hijazi ina uchu, akasema Funguo. Ungeimba kwa Saba, yale mahadhi ya msiba, wangekuhurumia.

Nyuzi hakucheka.

— Nikipandisha, wastaafu wenzangu wataondoka. Nisipopandisha, mimi ndiye nisiyeweza kununua nyuzi. Nafunga.

Akampigia mpwa wake. Simu ikiwa bado inaita, mtu mwenye plasta kavu viwikoni akasimama mbele yetu.

— Mwalimu Wadie ni yupi?

Nyuzi akainua mkono usio na simu.

— Mimi fundi ujenzi, natoka Tanta, nimekuja kwa treni. Nilikuwa natafuta programu ya kupima kama ukuta umenyooka, duka likaniletea wewe. Sasa napiga nyimbo mbili kwa udi. Ya pili mke wangu ananiruhusu kuipigia ndani.

— Karibu ukae, nikamwambia.

— Sikai. Duka limeniambia nikilipia masomo ya mwaka mzima napunguziwa. Nikaona nije niulize kwanza. Mwalimu, mwakani utakuwepo?

Funguo akamtazama Sitti. Sitti akanitazama mimi. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

— Mjomba? ikasema simu mkononi mwa Nyuzi. Mjomba, upo?