Nani Kashika: Maisha ya Optatus Matonya

Baba Paroko, ndugu, majirani na waombolezaji wote, mnisamehe sauti imekauka, tumechoka. Mimi ni Stanley, mdogo wake marehemu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Kaka Optatus alizaliwa hapa Kibakwe tarehe 3 Machi 1949, akasoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari Dodoma mwaka 1968, na mwaka 1970 akaajiriwa karani katika ofisi ya kugawa viwanja mjini humo. Kompyuta zilipoletwa mwaka 1994 alipewa yeye kuzisimamia, na shida ikaanza mapema, makarani wa madirisha mawili waligawa kiwanja kimoja kwa watu wawili kwa wakati mmoja, wenye viwanja wakashikana mashati. Kaka akaweka kufuli humo ndani ya kompyuta, kwamba karani akifungua kiwanja, mwingine asikiguse mpaka wa kwanza amalize, lakini makarani walifungua wakaenda kunywa chai, foleni ikafika barabarani, naye akawa anapita koridoni akiuliza, "Nani kashika?", mpaka likawa jina lake. Siku za watu kubadilishana viwanja ndizo zilizomchosha zaidi, huyu kashika cha kwanza anasubiri cha pili, mwenzake kashika cha pili anasubiri cha kwanza, hakuna anayesogea, na kaka aliamua sikuzote namna moja, aliyeanza mwisho aachie, arudi aanze upya.

Alifunga ndoa na Anitha mwaka 1973, wakampata Fabian. Anitha alifariki mwaka 1988, tukamzika hapa, na tarehe 6 Julai 1991 kaka akamwoa Evelina, wakajaliwa Yasinta.

Aliugua figo tangu Januari, akafariki hospitalini Dodoma Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1999. Jumanne Fabian alichukua kibali cha mazishi, akitaka baba azikwe hapa Kibakwe, kando ya Anitha mama yake Fabian. Jumatano Evelina alichimbisha kaburi Dodoma, akachukua karatasi ya kutolea mwili. Bila karatasi zote mbili hakuna kuzika, na kila mmoja akagoma kutoa yake mpaka mwenzake atoe, kaka akabaki mochwari, sisi tunatazamana, aibu tupu. Jana Evelina alisimama mbele ya watu, akasema yeye ndiye aliyeanza mwisho, akamkabidhi Fabian karatasi, akalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake walioleta gari, na majirani wa Dodoma waliochimba kaburi kisha wakalifukia tupu. Lakini wewe, shemeji Evelina, asante yetu haitoshi.

Kaka, hakuna tena aliyekushika. Pumzika kwa amani.