Msamaha wa Watu Mia Mbili na Kumi

Benchi letu liko mbele ya duka la mashine za kufulia, hapa Hamtramck, upande unaopata kivuli baada ya Alasiri. Wanawake watatu wa Kiyemeni: nguo zetu zinazunguka ndani, midomo yetu inazunguka nje. Katikati yetu chupa ya kahawa ya maganda ya buni, tangawizi imekolea mpaka machozi. Kulia kwangu hukaa Arwa, tunamwita Kadhi, maana marehemu mumewe aliwahi kusoma hotuba ya Ijumaa mara moja tu, na cheo kakirithi yeye. Kushoto ni Bilkis, Darubini, mjuzi wa mwezi. Mimi wananiita Redio, sioni haja ya kueleza kwa nini. Ilikuwa siku ya mwisho ya Mfunguo Tatu. Jua likizama tu, Muharram imeingia na mwaka ni mpya. Na mimi nilikuwa na jambo.

— Wenzangu, nikasema, leo navuka barabara naenda kwa Nabat kabla ya Magharibi.

— Kuna nini kwa Nabat? Darubini akauliza.

— Naenda kumwomba radhi. Yale niliyosema kwenye matanga ya Mama Saleh, kwamba Nabat akishaosha maiti anakuja kusimulia alichokiona, niliyatunga.

Kadhi akaacha kikombe hewani.

— Si ulisema habari ya kovu la tumboni la marehemu alikwambia yeye?

— Kovu nililiona mwenyewe hospitali, marehemu angali hai. Nabat nilimbembeleza anipe hata neno moja la chumba cha kuoshea, akanyamaza kama ukuta. Nikaudhika. Nikamtungia.

Miaka kumi na tisa Nabat ndiye aliyewaosha wanawake wetu. Tangu matanga yale ya Januari hakuna aliyebisha mlangoni kwake, watu wanaita waoshaji kutoka mji wa pili. Na imamu Ijumaa katuambia tujipime kabla mwaka haujafungwa, maana haki ya mtu Mungu hasamehi mpaka mwenyewe asamehe.

— Mbona rahisi, Kadhi akasema. Juzi si ulituma ule ujumbe kwenye simu? Mwaka unaisha, niliyemkosea anisamehe? Wenye waridi na msikiti unaometameta?

— Niliutuma. Kwa watu mia mbili na kumi.

— Nabat akajibu?

— Akanirudishia ua.

Kadhi akapiga paja.

— Basi! Ua ni msamaha. Mambo yamekwisha.

— Hata fundi bomba alinirudishia ua. Yeye nilimkosea nini?

— Kwa mdomo huo? Hukosi ulichomkosea.

Darubini akakohoa, dalili kwamba elimu inakuja.

— Haraka ya nini, shoga? Mwaka unaisha leo kwa msikiti wetu tu, unaohesabu kwa kalenda. Ng'ambo ya reli wanasubiri mwezi uonekane kwa macho, na kwa mawingu haya hawauoni ng'o. Una siku nzima ya bure. Kesho kaswali kule.

— We Darubini, nikasema, Idi ulikula na msikiti wetu, mapema kabla ya hao wanaosubiri mwezi. Sasa toba unataka niifanye ng'ambo?

— Idi ni nyama. Usichanganye mambo.

— Na mawingu yakiondoka? akadakia Kadhi. Ipo California. Kule wako nyuma yetu kwa saa tatu. Mpwa wangu ana duka Fresno. Mwagize akuombee radhi yeye, kule mwaka bado unapumua.

— Hawaii je? Darubini akaruka. Saa sita!

— Nabat anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, nikasema. Pazia lake naliona. Nyie mnanipeleka Hawaii!

— Tunakuonea huruma, mama, Kadhi akasema. Akikufukuza mbele za watu? Mtaa mzima utajua.

— Utajua kwa nani? Redio si mimi?

Nikainuka. Halafu nikakaa tena, nikajimiminia kahawa ambayo sikuitaka.

Hapo gari likasimama. Akashuka msichana, macho mekundu, mkononi mfuko wa plastiki wa hospitali una viatu vya mtu mzima.

— Asalaam alaykum, mama zangu. Naitwa Ithar, tumehamia juzi kutoka Buffalo. Mama mkwe wangu amefariki leo asubuhi. Wale waoshaji wa mji wa pili hawapo mpaka kesho kutwa. Hivi hapa kwenu nani anaosha wanawake?

Kadhi, mwenye hukumu ya kila kitu, akatazama kikombe chake. Darubini akatazama angani, na mwezi hakuna. Kumtaja Nabat ilikuwa ni kumwamini, na wote wawili walikuwa wamemsema, kwa maneno yangu.

— Yupo, nikasema. Anaitwa Nabat.

— Jina hilo nimelisikia, mama. Lakini dada mmoja kaninong'oneza msikitini kwamba hatunzi siri za maiti.

— Uongo huo. Niliuanzisha mimi. Twende.

— Redio, nguo zako! Kadhi akaita.

— Zikae!

Nabat alifungua mlango mikono ina unga. Nikasema yote palepale kizingitini, msichana anasikia. Sikutia "labda", sikutia "watu wanasema". Nabat akanitazama kama mtu anayeangalia maziwa jikoni yasifurike. Kisha akamgeukia msichana.

— Mama alikuwa mrefu?

— Kama wewe.

Akanawa, akateremsha rafuni mfuko wa sanda na karafuu maiti. Mfuko ulikuwa na vumbi, akaupangusa kwa kiganja.

— Nabat, mimi je?

— Wewe sijakusamehe. Nataka mtu wa kunimiminia maji. Beba ndoo.

Nikabeba ndoo zote mbili mpaka chumba cha kuoshea. Nilimimina mpaka mwisho, Magharibi ikaadhiniwa tukiwa mle mle. Na nilichokiona chumbani humo, msiniulize.