Mwalimu Bridget Nanok na Sauti Kumi na Moja za Sericho

Marehemu Mwalimu Bridget Nanok alizaliwa Kipsing tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa nne wa Mzee Nanok Lokwawi, mfugaji, na Mama Natabo. Alichunga mbuzi kwanza, akaanza shule akiwa na miaka tisa. Alimaliza sekondari mwaka 1999 na kupata shahada ya ualimu mwaka 2005.

Alifunga ndoa na Bwana Dan Ekal hapa Isiolo tarehe 8 Desemba 2007. Mungu aliwajalia Linda na Ekiru.

Mwaka 2015 aliajiriwa na chuo kikuu ambacho familia imeamua kutokitaja. Mwaka 2022 chuo hicho kilianzisha masomo mseto: nusu darasani, nusu kwenye simu. Ushiriki ulikuwa na alama thelathini kwa mia, na ulihesabiwa kwa kuingia mtandaoni tu. Wanafunzi wake kumi na mmoja waliishi Sericho, ambako mtandao hupatikana kwa kubahatisha. Marehemu aliwaagiza wajadili somo pamoja, wajirekodi, kisha kadi ya kumbukumbu yenye sauti hizo wampe Mamo, dereva wa lori la mifugo.

“Mwalimu, darasa lako hili hapa,” Mamo alimwambia. “Linanuka mbuzi kidogo.”

“Lete tu. Hawa wangu wa mjini wananukia marashi na hawajafungua mdomo tangu Januari.”

Kila Ijumaa aliwasha sauti hizo darasani. Wa mjini walichokozeka, wakabisha, wakagombania zamu ya kujibu. Majibu yao yakarudi Sericho kwa lori lilelile.

Ofisi ya chuo iliwaandikia wote kumi na mmoja sufuri ya ushiriki.

“Mfumo hautambui lori,” aliambiwa.

“Basi andikeni kwa mkono. Mikono mnayo.”

Hawakuandika.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Katika ugonjwa wote huo chuo kilimwandikia barua moja, kikimtaka arudishe tarakilishi. Kitandani alisikiliza upya kila rekodi, akamtajia Linda alama za kila mmoja. Orodha ilipelekwa chuoni mara tatu, ikarudishwa mara tatu. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Wanafunzi hao hawajahitimu hadi leo.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, na hao kumi na mmoja walioketi pale mbele. Shada la chuo liko langoni. Familia inawaomba wajumbe wake waondoke nalo, na watakaporudi walete alama zilizoandikwa.

Mungu ampumzishe Bridget kwa amani. Walioko ofisini wasipumzike kwanza.