Kopo la Binti wa Fundi

Kijiwe chetu ni benchi moja lililoegemea ukuta wa duka la Fundi, mshona nguo. Ukichelewa, unakalia ndoo. Hapa hakuna swali linalotushinda. Asubuhi ile, kahawa ikiwa bado ya moto, Fundi akatoka na uso umekunjamana. Kuna mchezo wa watu wa simu: unaficha kopo, unaweka alama kwenye ramani, wengine wanakuja kulitafuta. Anayelipata anaandika jina lake ndani na kulirudisha. Binti yake alificha lake kwenye kona yetu kabla hajaenda kusoma ng'ambo. Mwaka wa saba huu, halijapatikana. Sasa wenye mchezo wanataka kulifuta.

— Kwani bado lipo? akauliza Kamanda, mlinzi mstaafu.

— Lipo, nimeligusa leo. Ila mimi kujiandika siruhusiwi, wala kumwonyesha mtu.

— Tatizo ramani, akasema Satelaiti, fundi simu. Dunia inazunguka, bwana, kila siku inateleza kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Saa hizi alama iko katikati ya bahari, watu wanapiga mbizi huko!

— Acha zako! Watu wa siku hizi hawana miguu, akasema Kamanda. Wanatafuta kwa kidole gumba.

Nami sikubaki nyuma.

— Kitu kikiachwa peke yake kinaona haya, kinajificha zaidi. Mnaona soksi moja ikibaki bila mwenzake inavyopotea? Ndiyo maana wahenga wakasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Wote wakatikisa vichwa, hoja imekaa.

— Nyie chekeni tu, akasema Fundi. Yule mtoto kila akipiga simu huanza na hilo: "Baba, kuna aliyekuja?" Namjibu bado. Jana hakuuliza. Imeniuma, jamani.

Hapo akatokea msichana na begi mgongoni, anatazama simu, anatazama ukuta, mara akainama penye bomba la maji ya mvua. Kamanda alishasimama, fimbo mkononi.

— We binti! Unachungulia nini kwenye ukuta wa watu?

— Shikamooni. Kuna kopo natafuta.

Fundi akaweka kikombe chini.

— Marahaba, mwanangu. Tafuta. Hakuna atakayekugusa.

Msichana akatabasamu.

— Asante, baba. Eti, mimi ndiye wa kwanza kuja hapa?

Satelaiti akachungulia ndani ya kikombe chake. Mimi nikamkumbuka yule bwana wa kofia, tuliyemfukuza hadi barabara kuu, na wale mtu na mkewe waliopiga magoti mtaroni, Kamanda akawapulizia filimbi mpaka mtaa ukajaa. Tulijisifu wiki nzima kwamba kona hii haichezewi. Wote hao walikuwa na simu mkononi.

Kamanda akakaa polepole.

Fundi akatutazama mmoja mmoja.

— Mjibuni, akasema.