Sisi Ndio Ngazi Yake

Benchi lile limekaa kati ya karakana ya Cheche na kituo cha basi, mguu wake mmoja ukishikiliwa na tofali, na kila asubuhi wakubwa wa dunia hukutana hapo: Cheche mwenyewe, fundi wa kuchomelea vyuma, Breki, dereva mstaafu ambaye mguu wake wa kulia bado hukanyaga hewa akisikia honi, na Wakili, kinyozi ambaye mahakama ameiona kwa nje tu. Anayewavumilia ni mama muuza kahawa. Siku hiyo kahawa ilikuwa inapoa na hakuna aliyecheka. Katikati ya benchi palikuwa na karatasi, imewekewa kikombe juu isipeperuke. Barua ya Dada Sindano.

Dada Sindano ni fundi cherehani wa hospitali, hushona mashuka, na hutembelea kiti cha magurudumu. Miaka mitatu sasa watatu hawa humnyanyua na kiti chake mpaka ndani ya basi, na sifa za kazi hiyo wanazijua vizuri, maana ndio wanaozitoa. Sasa kampuni ya mabasi imenunua basi moja lenye ubao wa mteremko mlangoni, kiti kinapanda chenyewe, na litapewa kituo kitakachopeleka barua yenye saini kumi. Dada Sindano ana tisa, ya mama kahawa ikiwemo. Mwisho ni leo saa sita. Kazini ameshapewa onyo mara mbili kwa kuchelewa, kwa sababu madereva wengine wakiona kiti hupitiliza. La tatu, unga unamwagika.

— Mimi sisaini, akasema Wakili. Hii ni barua ya kutushtaki.

— Imekutaja wapi? akauliza mama kahawa.

— Si lazima initaje. Mtu akiomba ubao, maana yake wanaombeba hawafai. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

— Mbona msemo huo unamtetea yeye?

— Unamtetea anayeutumia kwa adabu.

Breki akakanyaga hewa.

— Nimeendesha basi miaka ishirini na sita. Ubao ule ukishuka, basi linalalia upande. Siku abiria wote wakikaa upande huo, chali.

— Si linakuwa limesimama? akauliza mama kahawa.

— Ndiyo hatari yenyewe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

— Na hatapanda yeye peke yake, Wakili akadakia. Leo kiti, kesho mkokoteni, keshokutwa mtu anaingia na ng'ombe wake anadai haki. Halafu kituo kinahamishwa, benchi linavunjwa. Jiulizeni, nani amenunua basi hilo? Watu wanaotaka kijiwe hiki kife.

Barua ilikuwa imemchoma Cheche, na hakujidanganya. Yeye ndiye aliyekichomelea kiti kile fremu ilipokatika. Yeye ndiye hushika nyuma, penye uzito. Kila asubuhi akishamfikisha ndani hurudi karakana kifua mbele, na hakuna mteja wa kumuudhi mpaka adhuhuri. Ubao ukija, yeye atabaki nani? Aliona aibu kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza.

— Cheche, baba, saini moja tu, akasema mama kahawa.

— Nisaini nini, mama? Sisi ndio ngazi yake. Amekosa nini kwetu?

— Sijakosa kitu kwenu.

Wakageuka. Dada Sindano alikuwa ameshafika, na magurudumu ya kiti chake hayakumtangaza, kwa vile Cheche alikuwa ameyatia grisi wiki ile ile.

— Shikamooni, kaka zangu.

— Marahaba, wakajibu Breki na Wakili.

— Sina maneno mengi, basi linakuja. Nina swali moja. Hapa mnanipandisha. Kule ninakokwenda, huwa nashukaje?

— Si kuna konda, akasema Breki.

— Konda yupi?

— Watu wema hawakosekani, akasema Wakili, taratibu.

— Nimeuliza nashukaje.

Hakuna aliyejua. Miaka mitatu ya kahawa na mabishano, wamejadili mpaka bei ya mwezi, na hilo hawakuwahi kuliuliza. Cheche alijaribu kuuona mlango wa basi ukifunguka kule mbele ya hospitali, akamwona dada huyu mlangoni na ngazi tatu chini yake, na hapo akakwama.

Honi ikalia. Dereva wa saa moja na nusu alisimama kwa shingo upande. Watatu wakainuka kwa mazoea, kisha wakasita, hakuna aliyethubutu kukigusa kiti.

— Nishikeni, akasema Dada Sindano. Leo bado hakuna ubao.

Cheche akaichomoa karatasi chini ya kikombe, akaitia mfukoni, akashika nyuma. Wakamnyanyua bila kuhesabu moja, mbili, tatu. Kiti kilipotulia ndani, Breki akashuka, Wakili akashuka.

— Wewe! Wakili akaita kutoka chini. Karakana unamwachia nani?

Mlango ukafungwa. Konda akamtazama Cheche na ovaroli lake la matundu ya moto.

— Unashukia wapi?

— Anaposhukia huyu, akasema Cheche, na akamwomba kalamu abiria wa kiti cha mbele.