Boti Mbili za Kwenda Ukweni

Kijiwe cha Matema kipo pale barabara inapoishia mchangani: benchi moja refu, birika la Nasibu juu ya jiko la mkaa, na ziwa zima mbele yako bila kiingilio. Jumamosi hiyo Benedict alikaa hapo na suti yake. Ni afisa kilimo wa Mwaya, lakini kwao ni Kongwa, ambako maji mengi kuliko yote aliyoyaona utotoni yalikuwa ya lambo la ng'ombe. Siku hiyo alikuwa anakwenda Ikombe kujitambulisha ukweni, na Ikombe hufikiwa kwa maji. Mtumbwi alishaukataa kabla hata hajaonyeshwa. Bahati ikamwangukia: boti mbili za matanga, zile za kusafiria zenye vitanda na jiko ndani, zilikuwa zimetia nanga pale mbele, moja ya kizamani na moja ya kisasa. Wenyewe walikuwa wanaelekea kusini asubuhi hiyo, na kila mmoja alikubali kumshusha Ikombe. Kilichobaki ni kuchagua. Mshenga wake, mzee Yotamu, ambaye kijiwe kinamwita Kamanda kwa sababu hutoa amri zisizotiiwa na mtu, akasema kwanza tunywe kahawa.

— Tunapanda ya kizamani, Kamanda akaamuru. Iangalie ilivyotulia. Zamani faiba, hii plastiki ngumu ya kuundia boti, ilikuwa kitu kigeni, watu hawajui kipimo, wakawa wanarundika tu. Ubavu wake mnene kama ukuta wa kanisa!

— Mnene na mzito, akadakia Isack, fundi pikipiki, anayeitwa Fundi Nati. Mimi nilipelekwa kuangalia injini yake jana. Ndani giza, kama shimo la kuivishia ndizi. Unapishana na mwenzako kwa ubavu. Ile ya kisasa ina madirisha, nyuma pana, mnaweza kukaa na wakwe wote mkala wali.

— Nani kakwambia tunakwenda kula humo? Mkuku wa hii ya zamani, ule uti wa chini majini, umeanzia mbele mpaka nyuma, mwili mmoja na boti. Hiyo yako mkuku ni kipande chembamba kama panga, kimening'inizwa kwa bolti. Bolti, Isack!

— Na injini ya pikipiki inashikwa na nini, sala?

Benedict aliangalia zile boti. Mpaka hapo alikuwa anaipenda ya kisasa kwa weupe wake. Sasa akaanza kuwaza bolti.

— Na hizo bolti, aliuliza taratibu, huwa zinalegea?

— Afisa, kila bolti hulegea, alisema Nasibu akimjazia kikombe. Ya kisasa ni nyepesi, inakimbia kweli. Ila wimbi likiinuka, tumbo lake bapa linapiga maji: pa! pa! pa! Mamba kule mdomoni mwa mto anadhani anaitwa.

— Mamba! Benedict akarudisha kikombe chini.

— Usimsikilize muuza kahawa, alisema Fundi Nati. Ina sukani mbili na kioo kinachokuonyesha kina cha maji. Hatari ni hiyo kongwe. Faiba ya zamani inakunywa maji kidogo kidogo, inaota malengelenge. Imekunywa tangu mimi sijazaliwa. Siku ikishiba, inazama palepale, hata kama imefungwa gatini.

— Uongo! Kamanda akasimama. Boti kongwe inajua njia. Yule mzungu wake alilala usingizi kule upande wa Malawi, akaamka yuko hapa Matema. Nani aliiendesha?

— Upepo.

— Upepo unaijua Matema?

— Basi, boti ya kisasa ukiibonyeza inakuongelesha, na mwakani watatoa inayokuposea kabisa, mshenga unabaki nyumbani.

Benchi zima likacheka, isipokuwa Benedict. Alikuwa anamuwaza Catheline, aliyemwambia kwenye simu, "Wewe fika tu, mengine yatakuwa rahisi." Kufika ndiko kulikokuwa kugumu. Akainua macho amalizane na jambo hilo, achague yoyote.

Maji yalikuwa matupu. Boti ya kizamani ilikuwa imeshapandisha tanga na kuinama kidogo, ikiambaa na milima. Ya kisasa ilikuwa mbele zaidi, imebaki kama unyoya.

— Zimeondoka, alisema.

— Ila ya kisasa imetangulia, alisema Fundi Nati akipiga paja. Niliwaambia!

Wakaanza upya. Walikuwa bado wanabishana kuhusu nani alipewa upepo mzuri pale mwanamke mmoja alipopanda kutoka ufukweni, kitenge kimelowa mpaka magotini, kasia mkononi.

— Ndaga, wazee, alisalimia. Mimi Yunis wa Ikombe, shangazi yake Catheline. Nimepishana na boti mbili, nimechungulia zote, hammo. Wali umepoa. Mtoto kakaa kwenye jiwe tangu asubuhi anatazama maji. Sasa nikirudi nimwambie nini?

Kamanda akainamia kikombe chake. Fundi Nati akapata kitu cha kutazama kwenye simu yake. Nasibu akapuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

Benedict akainama, akafungua kamba za viatu.

— Usimwambie kitu, shangazi. Nitamwambia mwenyewe.

Akaingia kwenye mtumbwi wa Yunis, akakaa katikati, suruali ikanywa maji yaliyotuama chini. Kamanda akaja mwisho, akalishika koti la Benedict kwa nyuma kwa mikono miwili, na njia nzima hakutoa amri hata moja. Walipoipita miamba ya kwanza Benedict alikuwa anasali. Walipoipita ya pili akagundua kwamba amefumbua macho. Mbele, pale mitumbwi inapovutwa nchi kavu, mtu mwembamba alisimama kutoka kwenye jiwe, akapunga mkono. Benedict alitaka kupunga naye, lakini hakuthubutu kuachia mtumbwi. Basi akaliita jina lake, kwa sauti yote aliyokuwa nayo.